Mpira Uliotengwa Hauna Fomula: Kwa Nini Faulo Zako Kwenye Gemu Zinaishia Ukutani

Dakika ya 83, mko sare ya 1-1, na straika wako ameangushwa mita 20 kutoka golini. Ukuta wa mabeki unajipanga, na kidole gumba chako tayari kimekaa juu ya kitufe cha shuti. Sekunde mbili baadaye mpira umemgonga kifuani mtu wa pili kwenye ukuta, mpinzani ameondoka na shambulizi la kushtukiza, na wewe unalalamika kwamba gemu ina skripti, yaani imeshapanga nani ashinde.

Haina. Au tuseme, si hapo. Ulichofanya ni kuupiga mpira uliotengwa, ule uliotulia ukisubiri kupigwa, kama unavyoupiga mpira unaotembea: haraka, kwa mazoea, macho golini tu. Ilhali hii ndiyo nafasi pekee katika mechi nzima ambapo hakuna anayekukimbiza. Muda wote mwingine unajibu anachofanya mwenzako. Hapa yeye ndiye anayesubiri uamue. Wengi wetu, hata wenye chenga za kutisha, tunaichezea nafasi hiyo kwa sababu tumefundishwa kutafuta fomula: stiki ya pedi ya kuchezea juu mara moja, kulia kidogo, mita ya nguvu ifike nusu, achia. Fomula hizo huzunguka kila mwaka. Zinafunga wiki mbili tatu, kisha linakuja sasisho na zote zinakufa siku moja.

FIFA 23, gemu ya soka ya kampuni ya EA na toleo lake la mwisho kubeba jina hilo kabla ya EA Sports FC 24 kuingia sokoni mwaka 2023, ilibadilisha karibu kila kitu kuhusu mipira hii iliyotengwa, au iliyokufa. Stiki ya kulia ikageuka kuwa mguu: unachagua kwa kuisogeza ni sehemu gani ya mpira itakayoguswa. Waliokuwa wamekariri walirudi darasa la kwanza. Waliokuwa wanajua kwa nini mpira unapinda na kwa nini unazama walihitaji siku chache tu kuzoea vitufe vipya. Kwa hiyo fomula sina, na ningekuwa nayo nisingekupa.

Tuanze na hesabu ambayo gemu haikuonyeshi popote kwenye kioo. Goli lina upana wa mita 7.32 na urefu wa mita 2.44. Ukuta unasimama mita 9.15 kutoka kwenye mpira. Sasa chukua faulo ya mita 18, ile ya karibu kabisa na kumi na nane (eneo la penalti) inayokufanya uanze kushangilia kabla hujapiga. Mpira ukishavuka ukuta umebakiwa na chini ya mita tisa kufika golini. Ukuta ukiruka, vichwa vya mabeki warefu vinakaribia kimo cha mtambaa wa panya. Yaani mpira wako unatakiwa upande hadi huko juu, kisha ushuke ndani ya mita hizo chache uwe chini ya mtambaa. Ukiupiga kwa nguvu utapaa. Ukiupiga taratibu utashuka vizuri, lakini kipa atakuwa amefika kitambo, amekaa anausubiri.

Rudi nyuma mpaka mita 25. Sasa baada ya ukuta zimebaki karibu mita 16, mpira una nafasi ya kupanda, kupinda na kuzama. Ndiyo maana mimi huona faulo ya mita 22 hadi 26 ni zawadi kubwa kuliko ya mita 18, na bado kila siku nakutana na watu wanaofanya chenga tatu za ziada ili waangushwe karibu zaidi.

Kupinda kwenyewe hakuna uchawi. Mpira unaozunguka unasukuma hewa upande mmoja, na hewa inausukuma upande wa pili. Mguu wa kulia ukiugusa mpira upande wake wa kulia kwa ndani ya mguu, mpira unapinda kuelekea kushoto. Mguu wa kushoto ni kinyume chake. Ukiguswa chini unapanda. Ukipewa mzunguko wa kwenda mbele unazama. Ukigongwa katikati bila kuzunguka unayumba hewani na kumchanganya kipa. Watengenezaji wa gemu wameiga haya kwa viwango tofauti, ila wote wameyaiga, na ndiyo sababu kuyaelewa kunakufaa kwenye gemu yoyote.

Kitu ambacho wengi hawakizingatii ni kwamba mpinda unahitaji muda. Tarehe 3 Juni 1997 mjini Lyon, Roberto Carlos wa Brazil aliupiga mpira wa adhabu dhidi ya Ufaransa kutoka karibu mita 35, kwa nje ya mguu wake wa kushoto. Mpira ulipita mbali kabisa upande wa kulia wa ukuta, ukaonekana umeshatoka nje, kisha ukarudi, ukagonga nguzo na kuingia. Kipa Barthez hakusogea. Mpira ule ulianza kwa kasi kubwa mno, na kadiri kasi ilivyopungua ndivyo mzunguko ulivyozidi kuutawala. Angeupiga kutoka mita 18 usingekuwa na muda wa kurudi. Kwenye pedi ni vilevile: ukiwa karibu na kuvuta stiki mpaka mwisho ili mpira upinde sana, umejinyima goli mwenyewe.

Mpinda unakuleta kwenye swali la nani apige. Gemu humpeleka mpigaji uliyemweka kwenye orodha kabla ya mechi, au aliyechaguliwa na gemu yenyewe kama hukuweka mtu. Kumbadilisha pale pale uwanjani ni kubonyeza kitufe tu, lakini watu hawakibonyezi. Kwenye EA Sports FC angalia usahihi wa mipira ya adhabu, uwezo wa kupinda na nguvu ya shuti, na tangu FC 24 angalia pia kama mchezaji ana ule mtindo maalumu wa mipira iliyokufa. Kwenye eFootball, gemu ya Konami, kuna alama ya upigaji wa mipira iliyotengwa na ya kupinda. Kisha angalia mguu. Mpira ukiwa upande wa kushoto wa uwanja, wa mguu wa kulia huupinda kuelekea golini; ukiwa upande wa kulia, mpe wa kushoto. Nyota wako mwenye alama 91 anayepiga kutoka upande usio wake anaweza kukufaa kidogo kuliko kiungo wa kawaida mwenye mguu sahihi.

Sasa mtazame aliye mbele yako, maana ukicheza mtandaoni ukuta na kipa si mashine tupu; kuna mtu nyuma yao ambaye naye ana mazoea. Kuna jamaa niliwahi kukutana naye katika mechi moja ya mtandaoni nikapata faulo tatu. Ya kwanza niliipitisha juu, ukuta ukaruka, mpira ukamgusa wa mwisho utosini ukawa kona. Ya pili, ukuta uliruka kabla hata mpigaji wangu hajaufikia mpira. Hapo nikamjua: bwana huyu anabonyeza kitufe cha kuurusha ukuta mara tu anapoona mpigaji anaanza kukimbia. Ya tatu niliigonga katikati, nguvu ya wastani, chini kabisa. Watu wanne wako hewani, mpira unapita chini ya njumu zao, na kipa aliyekuwa ameegemea upande wa pili anabaki kugeuza shingo. Halikuwa bao zuri hata kidogo. Lilikuwa la aibu, kwake.

Kipa naye anasoma. Wapinzani wengi humvuta kipa upande wa mbali wakidhani ukuta unatosha kulinda upande wa karibu. Hatua moja ya kipa ni karibu mita nzima ya goli iliyoachwa wazi. Usipige kabla hujaona amesimama wapi, na ukiona anasogezwa huku na huku kukutisha, subiri. Mara nyingi mtu hushindwa kumrudisha kwa wakati.

Kuhusu mazoezi nitasema moja tu. Ingia kwenye uwanja wa mazoezi, weka mpira mahali pamoja, piga mara ishirini, na kila mara badilisha kitu kimoja peke yake: nguvu, au shabaha, au sehemu ya kugusa. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja, mpira ukiingia hutajua ni kipi kilichouingiza.

Kona ni habari nyingine, na hapa ndipo ninapoona mabao mengi yakitupwa. Mtu anatafuta beki wake mrefu kuliko wote, anamlenga kichwani, anapiga, kipa anadaka. Tatizo ni kwamba beki huyo amesimama. Katika gemu zote nilizocheza, anayeukimbilia mpira humshinda anayeusubiri, hata kama anayesubiri ana urefu wa nusu kichwa zaidi. Usimlenge mtu, lenga nafasi iliyo hatua mbili mbele yake kuelekea golini, ili aifikie akiwa na mwendo. Na nafasi yenyewe isiwe ndani ya kile kisanduku kidogo cha mita 5.5, maana hapo kipa anatoka na kudaka bila wasiwasi. Isiwe pia nje ya alama ya penalti, mita 11, ambako kichwa hakina nguvu ya kutosha. Ukanda wa katikati ya mistari hiyo miwili ndio unaomfanya kipa ajiulize atoke au abaki, na akijiuliza tu umekwisha kumpata.

Mpigaji wa mguu wa kushoto kwenye kona ya kulia, au wa kulia kwenye kona ya kushoto, huleta mpira unaopinda kuingia golini. Huo ni mzuri ukijaza watu karibu na kipa, kwa sababu mguso wowote, hata wa beki wa mpinzani, unaweza kuwa bao. Mguu wa upande uleule huleta mpira unaopinda kutoka, unaomkuta mchezaji wako akiukimbilia uso kwa uso. Mimi napenda huu wa pili nikiwa na straika mwenye kichwa cha uhakika, na ule wa kwanza nikiwa sina.

Kwenye Kombe la Dunia la 2018 kule Urusi, Uingereza ilifunga mabao 12, na 9 kati yake yalitokana na mipira iliyokufa, penalti zikiwemo. Wachezaji wao walijipanga mstari mmoja kama wanaosubiri kuingia kwenye basi, kisha wakatawanyika ghafla mpira ulipopigwa. Waliokuwa wanawakaba hawakujua nani anaelekea wapi mpaka imeshachelewa. Kwenye pedi huwezi kuwapanga hivyo upendavyo, lakini wazo lenyewe unaweza kuliazima. Kona ya kwanza peleka nguzo ya karibu, ya pili nguzo ya mbali, ya tatu irushe nje ya kumi na nane kwa kiungo wako mpiga mashuti. Usirudie mpango mara mbili mfululizo hata kama wa kwanza umefunga. Hasa kama umefunga, kwa sababu mwenzako ndio kwanza ameutazama tena kwenye marudio.

Halafu kuna kona fupi na kosa lake la kuudhi kuliko yote. Sheria za soka zinasema hakuna ofsaidi (kuotea) mpira unapopigwa moja kwa moja kutoka kona, na gemu zinafuata. Lakini msamaha huo unakufa mpira ukishaguswa na mtu wa pili wa timu yako. Unapiga kona fupi, mwenzako anapokea, unamrudishia yuleyule aliyepiga, ambaye bado yuko pale kwenye kibendera amebanwa na mstari wa goli. Kibendera cha mshika kibendera kinapanda. Ameotea. Ukitaka kona fupi, aliyepokea aingie ndani na mpira au apige krosi mwenyewe. Kumrudishia mpigaji kunafaa tu akiwa ameshatoka kule na kurudi nyuma ya mpira.

Upande wa kukaba nao una shida yake, nayo ni mikono kuwasha. Mtu anamchukua beki anayemkaba mpinzani mrefu na kumvuta mbele kuuwahi mpira, akimwacha yule mrefu peke yake. Mwachie gemu mabeki wanaokaba. Wewe mchukue yule asiye na mtu, aliyesimama karibu na alama ya penalti, na umtumie kuziba njia badala ya kukimbiza. Kitufe cha kumtoa kipa kiogope: ukikibonyeza na watu wamemzunguka, umemtoa golini na hajaufikia mpira. Na acha mtu mmoja mwenye kasi katikati ya uwanja. Atamlazimisha mpinzani abakize wawili nyuma, na hao wawili ni vichwa viwili pungufu ndani ya eneo lako.

Penalti ni fupi kuelezeka. Kwenye EA Sports FC, duara linazunguka mpira, linapanuka na kubana. Ukibonyeza likiwa dogo kabisa, mpira unakwenda unakoulenga, na mpigaji asiye na utulivu duara lake linahangaika zaidi. Wengi wanafunga kila penalti wakicheza na mashine, kisha mtandaoni wanakosa tatu mfululizo na kudhani mikono imewakimbia. Ni ucheleweshaji. Kati ya kidole na kioo kuna muda mdogo unaoliwa na intaneti na runinga yenyewe; duara unaloliona dogo huenda limeshaanza kupanuka. Washa hali ya gemu (Game Mode) kwenye runinga kama ipo, na mtandaoni bonyeza kabla kidogo ya pale macho yanapokuambia.

Kwenye mikwaju ya penalti baada ya muda wa nyongeza, weka akilini kipa wa mwenzako ameruka wapi kila mara. Watu wachache huruka kushoto, kulia, kushoto bila mpangilio. Wengi wana upande wao. Na kuna wale wasioruka kabisa mpaka wakuone umepiga. Hao usiwapigie ile ya kudokoa. Ile ni ya anayeruka mapema. Antonín Panenka, Belgrade, 20 Juni 1976, fainali ya Ulaya kati ya Chekoslovakia na Ujerumani Magharibi: kipa wa Wajerumani, Sepp Maier, aliruka upande, mpira ukadokolewa taratibu katikati ya goli, na kombe likaenda Chekoslovakia. Maier angesimama tu pale alipo, angeudaka kama anapokea embe.

Mipira ya kurusha hupuuzwa na kila mtu, na kwa sehemu kubwa wana haki. Rusha kwa aliye karibu mchezo uendelee. Isipokuwa jambo moja, na hili linapingana na yote niliyosema kuhusu kutulia. Mpira wa kurusha nao hauna ofsaidi. Ukitoka nje karibu na eneo la mpinzani, ruka marudio, ruka picha za kocha, rusha upesi kwa straika aliyebaki nyuma ya mabeki wanaorudi mdogomdogo. Ni kama Liverpool na Barcelona, 7 Mei 2019: Trent Alexander-Arnold anaonekana kama anaiacha kona, anageuka ghafla na kuipiga, Divock Origi anaunganisha, na mabeki wa Barcelona bado wanajipanga. Kwenye gemu mwenzako mara nyingi ameshika simu wakati huo, anasubiri uwanja uonekane tena. Ukionekana, mpira uko miguuni mwa straika wako na kipa yuko peke yake.